Diski mpya haitibu habu chafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu makala ya ukurasa wenu wa magari kuhusu diski na pedi za breki za pikapu. Mwandishi ameeleza mengi vizuri. Hilo la kubadilisha pedi za kushoto na kulia kwa pamoja nimefurahi kuliona limeandikwa, maana wapo wanaobadilisha upande mmoja kisha wanashangaa gari linavuta. Nilikwama pale aliposema kwamba usukani ukitetemeka unapokanyaga breki, basi diski imepinda, na dawa yake ni diski za matundu na pedi za seramiki.

Mimi ni fundi breki, na wateja wangu wengi ni wale ambao wameshafuata ushauri wa namna hiyo. Wamenunua diski mpya, wamefungiwa, wamefurahi wiki kadhaa, na mtetemo umerudi. Swali lao la kwanza ni moja: "Fundi, nimeuziwa feki?" Wakati mwingine ndiyo, kauziwa feki. Mara nyingi diski ni nzima, na aliyeifunga ndiye hakumaliza kazi.

Tuanze na huko kupinda. Diski ya mbele ya pikapu ni chuma cha kusubu, kizito, chenye kuta mbili na mapezi katikati ya kupitishia hewa. Chuma cha namna hiyo hakipindi kirahisi. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba diski imekaa upande juu ya habu, yaani kile kitovu kinachozunguka ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake. Watengenezaji wengi wanataka diski inapozunguka isiyumbe zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.10, kutegemea gari. Hicho ni kipimo kidogo mno. Ganda moja la kutu likibaki kati ya habu na diski, karibu na stadi za gurudumu, zile bolti ambazo nati za gurudumu hukazwa, kosa lake linakuzwa kadiri unavyoelekea ukingoni, na ukingoni ndiko pedi zinakofanya kazi.

Sasa diski inayoyumba inagusa pedi kila mzunguko, mahali pale pale, hata kama mguu wa dereva uko mbali na breki. Hapo inapogusa ama inalika kidogo kidogo, ama inabandikwa tabaka la pedi. Baada ya kilomita elfu kadhaa unene wa diski haulingani tena kuizunguka, na tofauti ya milimita 0.02 inaweza kutosha dereva kuihisi kwenye usukani na kwenye pedali. Ndiyo maana tatizo halionekani siku ya kufunga. Fundi ameshalipwa, mteja ameshasahau, na lawama inamwangukia muuza spea.

Hivi karibuni mzee mmoja alileta pikapu yake, diski mpya, risiti mkononi.

"Hizi hazina hata miezi mitatu," akaniambia.

"Naamini, mzee. Njoo uone hapa."

Nilipoitoa diski, uso wa habu ulikuwa na utepe wa kutu kahawia ukizunguka lile duara la katikati, na kati ya stadi mbili palikuwa na ganda limebanwa likawa bapa. Ganda lile sikudhani ni la habu. Lilikuwa na umbo la kutu inayodondoka kutoka ndani ya diski kuukuu inapogongwa na nyundo ili itoke. Fundi aligonga, kutu ikadondoka, akapachika diski mpya juu yake. Mzee aliligusa kwa kucha, akaniangalia, hakusema kitu. Diski ile ile mpya tuliipima unene ikawa imeshaanza kutofautiana, ikabidi ikerezwe kidogo. Bahati nzuri ilikuwa na nyama ya kutosha.

Kwa hiyo kabla sijazungumzia kununua, niseme kinachotakiwa kufanyika pale juu ya habu. Diski kuukuu ikigoma kutoka, angalia usoni pake: nyingi zina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Ingiza bolti zinazolingana, kaza moja baada ya nyingine, diski itajisukuma yenyewe bila nyundo. Kisha safisha uso wa habu kwa brashi ya waya na msasa, uzunguke kila stadi, mpaka uone chuma kinang'aa na ukipitisha kidole hukwami popote. Usipake grisi nyingi hapo kwa kudhani unazuia kutu. Grisi nayo ina unene. Pachika diski, ifunge kwa nati za gurudumu pamoja na washa zake, weka saa ya kupimia (ile yenye sindano inayoonyesha diski inavyoyumba) milimita kama 10 kutoka ukingoni, zungusha taratibu usome. Ikizidi kipimo, toa diski uisogeze stadi moja mbele, upime tena. Mara nyingine hilo tu linatosha. Ukizungusha zote na bado inayumba, shuku habu yenyewe au beringi, na hapo hata ununue diski gani hupati nafuu.

Jambo jingine ni ile mashine ya upepo ya kukazia nati. Naipenda kwa kufungulia. Kukazia ni habari nyingine, kwa sababu nati moja ikikazwa mara mbili ya mwenzake, inaivuta diski upande. Toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, si pambo la gereji. Nati zikazwe kwa kuvuka, kwa umbo la nyota, kwa awamu mbili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Mwenye gari naye ana haki ya kusimama hapo na kudai hivyo, hata kama fundi atamwona msumbufu.

Sasa kununua. Makala yenu ilimwambia msomaji abadilishe diski kila anapobadilisha pedi mara mbili. Sijui kanuni hiyo imetoka wapi. Kwenye diski yenyewe, ukingoni au kwenye kofia yake, yaani sehemu ya katikati iliyoinuka, kuna maandishi ya MIN TH na namba ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Pikapu inayobeba mizigo mizito inaweza kufika hapo kwa seti moja ya pedi, na nyingine ikamaliza seti tatu bado diski iko salama. Hakuna wa kukwambia isipokuwa maikromita, kile kipimo cha unene chenye ncha mbili ndogo. Nasema maikromita kwa sababu venia ya kawaida, ile yenye mataya mapana, inakaa juu ya ule mdomo wa kutu unaobaki ukingoni mwa diski, inakusomea unene ambao haupo. Pima sehemu sita au nane kuizunguka. Ndogo kuliko zote ndiyo inayohesabika, na tofauti kati ya ndogo na kubwa ndiyo inayokwambia habari ya mtetemo.

Kukereza diski si dhambi, ila ifanyike ikiwa baada ya kukereza itabaki juu ya MIN TH, na pawe pamebaki cha kulika mpaka pedi zijazo zitakapokwisha. Diski ikiwa nyembamba, chuma cha kupokea joto kimepungua. Hapa ndipo pikapu inapotofautiana na gari dogo la familia, na hapa ndipo makala ilipopita haraka.

Breki haifanyi kazi nyingine zaidi ya kugeuza mwendo kuwa joto. Pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na mzigo, ikisimama kutoka kilomita 100 kwa saa, inazalisha joto la kuchemsha karibu lita tatu na nusu za maji yaliyokuwa nyuzi 20. Kusimama mara moja tu. Ukisimama kutoka kilomita 50 kwa saa badala ya 100, joto linashuka hadi robo, si nusu. Kwa hiyo anayeendesha tupu mjini na anayeshuka mlima amejaza mzigo hawawezi kununua breki kwa ushauri mmoja.

Diski za matundu zinapendeza, sikatai. Lakini kila tundu ni chuma kilichoondolewa, na kwenye pikapu inayobeba mizigo nyufa hupenda kuanzia hapo, kutoka tundu hadi tundu. Zile zenye mifereji zinavumilia zaidi, ila zinakula pedi haraka na zina mngurumo. Kwa gari la kazi mimi nafunga diski ya kawaida ya kuta mbili, isiyo na pambo, yenye uzito kamili. Ukiwa dukani ishike mpya na kuukuu: kama mpya ni nyepesi waziwazi kuliko ile iliyokwisha kulika, irudishe. Tazama ubavuni uone kuta mbili zina unene sawa na mapezi yamepangika. Kama mapezi yamejikunja, zipo diski za aina hiyo ambazo kushoto na kulia hazibadilishani, kwa hiyo soma alama kabla hujafunga. Zile zilizopakwa rangi ya kijivu ya kuzuia kutu zina faida, hasa kwenye kofia na ndani ya mapezi. Zile zinazokuja na mafuta lazima zioshwe kwa dawa ya kusafishia breki, pande zote mbili, mpaka kitambaa kitoke kikavu na kisafi.

Uliza pia diski yako imefungwaje. Kwenye pikapu nyingi za sasa inachomoka ukishatoa kalipa (kifaa chenye pistoni kinachozibana pedi kwenye diski) na bano lake. Kwenye nyingi za zamani, hasa za magurudumu manne ya kuvuta, diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu. Kuitoa ni kufungua habu, kutoa beringi, kuzisafisha, kuzitia grisi upya na kurudisha ukazo wake sawasawa. Hiyo si kazi ya saa moja. Mtu akikuahidi saa moja kwenye gari la namna hiyo, kaa naye uangalie anachofanya na beringi.

Kuhusu pedi, seramiki si mbaya. Ziko kimya, vumbi lake ni dogo, na kwa pikapu inayotumika kama gari la kwenda kazini zinafaa sana. Kwa mzigo na milima nachagua nusu chuma: zinastahimili joto zaidi, na tunazilipia kwa kelele kidogo asubuhi, vumbi jeusi kwenye rimu, na diski inayolika mapema. Zile laini za ogani nawaachia magari mepesi.

Kwenye ukingo wa pedi au mgongoni tafuta maandishi. Pedi nyingi zina msimbo unaoishia na herufi mbili, kwa mfano FF au GG. Herufi ya kwanza ni mshiko wa pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ikiwa na joto kali. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Ukiona herufi ya pili iko chini ya ya kwanza, kwa mfano FE, ujue pedi hiyo mshiko wake unapungua ikipata moto, na pikapu iliyojaa haihitaji pedi ya tabia hiyo. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, kwa hiyo muuzaji asikudanganye kwamba G ni "bora" kwa kila kitu. Alama nyingine ya maana ni ile E ndani ya duara ikifuatana na namba ya idhini yenye 90R. Hiyo inaonyesha pedi imepimwa kwa kanuni ya 90 ya Umoja wa Mataifa inayohusu pedi za kubadilishia, ili utendaji wake uwe karibu na wa ile ya kiwandani. Pedi isiyo na maandishi yoyote, bamba lake la chuma limepindapinda, rangi imemwagika juu ya sehemu ya msuguano, mimi siifungi hata mteja akiniletea bure.

Mwandishi alisema pedi zibadilishwe zikianza kupiga kelele. Kile kijichuma cha kupiga kelele hakipo kwenye kila pedi, na kikiwepo mara nyingi kiko kwenye pedi moja tu ya kila gurudumu. Zikibaki milimita 3 za msuguano zitoe, usisubiri muziki. Na usichungulie pedi ya nje tu kwa sababu ndiyo inayoonekana kupitia rimu. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, pini ambazo kalipa inateleza juu yake zimekwama. Ikiwa imelika kama kabari, upande mmoja nyembamba mwingine nene, tatizo linaweza kuwa pini au bano lenye kutu. Pedi kuukuu inasema mengi, kwa hiyo mwambie fundi asiitupe kabla hujaiona.

Pini hizo zitolewe, zifutwe, zipakwe grisi maalumu ya breki ya silikoni au ya sintetiki. Grisi ya kawaida ya mafuta inavimbisha mpira, pini inabana, na hapo umejitengenezea tatizo lile lile ulilokuja kulitibu. Vile vibati vya chuma ambamo masikio ya pedi yanateleza vibadilishwe, na chini yake bano lisuguliwe kutu. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake wa mafuta. Ifungwe kwa waya kwenye springi. Pistoni irudishwe taratibu kwa klempu, huku ukiangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike, maana mafuta hayo yanabandua rangi ya gari. Kama breki ya kuegeshea ni ya umeme, kalipa za nyuma zina utaratibu wake wa kuziweka kwenye hali ya matengenezo. Ukizisukuma kwa nguvu unavunja injini ndogo iliyomo. Na lile vumbi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, na hata vumbi la za sasa si la kuvuta puani. Lilowanishwe na kufutwa.

Mafuta ya breki yenyewe yananyonya maji kutoka hewani. DOT 4, moja ya madaraja ya mafuta hayo yanayoandikwa kwenye kopo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango chake cha chini ni nyuzi 155. Dereva anayesema "nilikanyaga ikaenda mpaka chini" katikati ya mteremko, mara nyingi mafuta yake yamechemka na kuna mvuke ndani ya bomba. Nashauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni za ukoo mmoja; DOT 5 ni silikoni, usiichanganye nazo licha ya namba kufanana.

Kuna kitu kimoja makala haikukigusa kabisa, nacho kinaua breki za mbele za pikapu nyingi za kazi. Chini, karibu na ekseli ya nyuma, pikapu nyingi za miaka ya nyuma zina vali yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli. Gari likiwa tupu, mgongo uko juu, vali inapunguza presha ya breki za nyuma ili magurudumu yasifunge. Ukipakia, mgongo unashuka, fimbo inasogea, vali inafungulia presha zaidi nyuma. Sasa mwenye gari anaongeza majani ya springi ili abebe zaidi. Mgongo haushuki tena. Vali inaamini gari ni tupu ilhali limebeba tani, breki za nyuma zinapewa kidogo, na kazi yote inaangukia diski za mbele. Mtu huyo anabadilisha pedi za mbele kila mara, anabadilisha chapa, anabadilisha muuzaji, na fimbo ile hakuna anayeitazama. Ikirekebishwa kwa vipimo vya mtengenezaji, au ikikutwa imekatika au imeganda kwa kutu ikabadilishwa, pedi za mbele zinaanza kudumu. Pikapu mpya nyingi kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya ABS, ule mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge, na fimbo haipo, lakini za fimbo bado zipo nyingi barabarani, na ndizo hasa zinazoongezewa springi.

Ukimaliza kufunga, kabla ya kusogeza gari hata kidogo, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni zilisukumwa nyuma, mkanyago wa kwanza hauna kitu. Kisha zizoeshe: kwenye barabara isiyo na watu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10, mara kumi hivi, kwa kukanyaga wastani, bila kusimama kabisa, ukiachia nafasi kati ya moja na nyingine. Baada ya hapo endesha dakika kadhaa bila kugusa breki zipoe. Ukisimama na mguu juu ya pedali wakati diski ina moto, pedi inaacha alama yake pale pale, na alama hiyo utaihisi baadaye ukidhani diski imepinda.

Barua imekuwa ndefu na bado sijafika kwenye dramu za nyuma, ambazo wengi hawazifungui mpaka breki ya mkono ishindwe kushikilia gari. Mwandishi wenu akirudia mada hii, namwomba aanzie huko, na aweke picha ya ile fimbo ya vali watu waijue.

Wako,
Fundi breki, msomaji wenu wa siku nyingi